Sanduku la Spana Lililonirudisha Barabarani

Vijana wa karakana, mliponiomba niandike machache kuhusu kazi yangu kabla sijayasahau, mmoja wenu alishauri nianzie kwenye vyeo. Vyeo vyangu vimo kwenye jalada langu pale ofisini, na jalada lenyewe si nene. Mimi nitawaandikia habari za sanduku la spana. Najua baadhi yenu mtacheka. Lakini katika miaka yote niliyotengeneza pampu za visima, kuanzia misitu ya Sikonge hadi mbuga za Igunga, hakuna kitu nilichokipigania kama sanduku hilo. Lisingekuwapo, ningemalizia kazi yangu stoo nikigawa nati na karatasi za msasa.

Siku yangu ya kwanza niliripoti karakana ya maji mjini Tabora nikiwa nimevaa sketi niliyoshonewa kwa ajili ya mahafali ya chuo cha ufundi. Fundi mkuu wa pampu alikuwa Mzee Luhende, Mnyamwezi mfupi mwenye mikono iliyoonekana kama ameazimwa na mtu mkubwa zaidi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaitazama sketi, kisha akaniuliza kama naogopa visima. Nikasema siogopi.

"Basi bado hujakiona kisima," akasema, akaingia ndani ya gari.

Tulipofika kwenye kazi, akaniagiza nipande nyuma ya pikapu nimletee spana kubwa ya mabomba. Sanduku la vifaa lilikuwa limesukumwa hadi mwisho kabisa, nyuma ya kabini, na juu yake yalilala mabomba ya chuma, kamba, mifuko ya saruji na jenereta. Nilitambaa juu ya mabomba, nikainua kifuniko nusu kwa sababu bomba lilikizuia, nikapapasa gizani humo mpaka nikaipata. Watu wa kijiji walikuwa wengi kisimani, na mimi niko juu ya gari na sketi yangu. Mzee Luhende alizunguka upande wa pili akaanza kuwauliza kwa sauti kubwa habari za mavuno ya karanga, mpaka wote wakageuka kumjibu. Hakuwa na shamba la karanga. Nilielewa baadaye alichokuwa anakifanya.

Kesho yake nilikuja na suruali. Mama yangu kule Kigwa, Mmoravia asiyekosa kanisani, alinuna kwa muda mrefu kuhusu suruali hiyo, mpaka pampu ya kijiji chetu ilipoharibika nikaitengeneza mbele ya kina mama wenzake wa kwaya. Baada ya hapo neno suruali halikutajwa tena nyumbani.

Mzee Luhende alinifundisha kuweka kiganja juu ya bomba wakati mtu mwingine anapampu, nisikilize kwa mkono. Fimbo ya ndani ikiwa imekatika, unausikia ulegevu. Valvu ikiwa imekula mchanga, unasikia mkwaruzo. Alinifundisha kutovuta bomba kwa hasira, maana likikuponyoka likarudi kisimani utakaa hapo mpaka watoto wa kijiji wakuzoee. Na alikuwa na neno moja alilolirithi kwa babu yake, aliyekuwa mpagazi kwenye njia ya zamani ya misafara, akibeba mizigo ya wenyewe kutoka Unyanyembe hadi pwani: anayefunga mzigo afikirie mahali atakapoufungua. Kila asubuhi kabla ya kupakia aliuliza, "Tukifika, mkono utataka nini kwanza?" Tulipanga kwa kufuata jibu.

Lakini pikapu ni pikapu. Mabomba ni marefu, lazima yapakiwe mwisho, na sanduku hata ulipange vipi linaishia chini yake. Kwa miaka mingi nilipanda na kushuka bila kuona kuwa hilo ni tatizo. Nilikuwa na magoti, na mwenye magoti haulizi maswali.

Mzee Luhende alistaafu, nami nikaachiwa kazi zake pamoja na spana zake. Dereva wangu akawa Masanja, Msukuma wa Igunga, mtu mtulivu anayeendesha kama vile nyuma amebeba mayai. Tulizunguka pamoja muda mrefu kiasi kwamba tulikuwa tunaweza kusafiri kutwa nzima tukazungumza mambo mawili tu, na yote mawili yakawa juu ya tairi.

Nilianguka Kigwa, mbele ya watu walionijua tangu nikiwa mdogo. Ilikuwa asubuhi yenye umande. Nilikuwa juu ya mabomba nikitafuta spana, mguu wa kushoto ukateleza katikati ya mabomba mawili, mwili ukaenda upande mwingine, na nyonga ikatua kwenye ukingo wa mlango wa nyuma. Masanja alinibeba hadi kwenye kiti cha mbele, akaendesha hadi hospitali. Mfupa ulipona, ila nyonga haikurudi ilivyokuwa. Chini natembea vizuri. Naweza kuchimba, kuvuta mabomba, hata kuchuchumaa nikilalamika kidogo. Kuinua mguu kupita kimo cha goti, hapana.

Nilirudi kazini, na Masanja akaanza kunipandia. Hakuna aliyemwambia. Nilikuwa nasimama chini ya gari nimenyoosha mkono juu, kama mtu anayesubiri pilau kwenye harusi asiyoalikwa, yeye akipekua sanduku. Nikiomba spana namba kumi na tisa analeta kumi na saba. Nikiomba bisibisi ya nyota analeta bapa. Si kosa lake. Yeye ni dereva, na mimi nisingejua kuongeza mafuta ya breki gizani. Lakini kazi ya nusu siku ilianza kula siku nzima, na watu waliosimama na ndoo zao walianza kuniangalia kwa huruma. Huruma hiyo ilikuwa inaniuma kuliko nyonga.

Mkuu wetu wa kitengo wakati huo alikuwa Injinia Neema. Mnamfahamu, ni mtu wa haki. Alikuja siku moja kututembelea kazini, akasimama pembeni, akaona yote. Wiki ile ile akaniita ofisini, akanikaribisha kiti kabla ya kuongea, nikajua habari si njema.

"Mama Kulwa," akasema, "sitaki uanguke mara ya pili nikiwa mimi ndiye niliyekutuma. Stoo inahitaji mtu anayevijua vifaa. Nataka uende stoo."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Angekuwa mtu wa dharau ningegombana naye tukamaliza. Nikamwomba msimu mmoja wa mvua. Nikamwambia mvua zikiisha, na ikaonekana kuna hata siku moja mtu alinipandia gari, nitakuja stoo mwenyewe bila kuandikiwa barua. Alinitazama sana. Akasema sawa, msimu mmoja, lakini nisifanye ujanja.

Sikuwa na ujanja wowote. Nilikuwa nimeahidi kitu nisichojua nitakifanyaje.

Masanja ndiye aliyeniletea picha kwenye simu yake. Ilionyesha pikapu iliyofunguliwa mlango wa nyuma. Pembeni, kwenye ile nafasi iliyo nyuma ya nundu ya tairi, ambayo kwenye magari yetu hukusanya majani na vipande vya kamba, kulikuwa na sanduku jembamba lililoshikiliwa na pini ya kusimama. Ukivuta komeo, sanduku zima linazunguka kwenye pini na kutoka nje kama mlango, linakuja kusimama mbele ya kifua chako. Wewe uko chini, miguu yote miwili ardhini. Mabomba yanabaki yamelala katikati, hayaguswi. Nilimrudishia simu, nikaiomba tena, nikamrudishia, nikaiomba tena, mpaka akasema chaji inakwisha.

Sasa hapa sikilizeni, maana wengine mtataka kufunga lenu. La kwanza kuchagua ni upande. Nilichagua kushoto, kwa sababu gari likisimama kando ya barabara kuu, kushoto ndiko kwenye majani, kulia ndiko kwenye malori. La pili ni kimo. Lisizidi ukingo wa bodi, la sivyo turubai halitafunika na mvua itakuonyesha kosa lako. La tatu ni kuamua kisichoingia. Nilitandika mkeka uani, nikamwaga vifaa vyote, nikatenga vile ambavyo mkono unavitaka kwanza. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa nimebeba vyuma vya bure mwaka hadi mwaka.

Sanduku la kwanza lilitoka Dar es Salaam kwa basi. Lilikuwa la plastiki, jeusi, linang'aa, zuri kiasi cha kuliweka sebuleni. Lilikuwa limetengenezwa kwa pikapu ya aina nyingine, hivyo mgongo wake haukulala vizuri kwenye nundu ya tairi, lakini tulilichonga kidogo na kulilazimisha. Msione aibu kupima kabla ya kununua; mimi nilikuwa na haraka. Plastiki ile ilikuwa nzuri kwa lami. Kwenye barabara za vumbi za Igunga, zenye mawimbi kama bati, pini iling'oka na kipande cha ukuta wa sanduku. Nilirudi Tabora nimelipakata mapajani kama mtoto mgonjwa. Masanja alikaa kimya njia nzima, na kwa mara ya kwanza nilitamani aongee habari za tairi.

Nililipeleka Kanyenye, kwa Mzee Sefu, fundi wa kuchomelea. Ukoo wake umekaa mjini Tabora tangu enzi za misafara, na wote ni watu wa chuma. Nilimwamkia, akanikaribisha, akaligeuza sanduku lililovunjika huku na huku, akauliza maswali mengi kuhusu barabara na machache kuhusu sanduku. Kisha akasema, "Dada Kulwa, sanduku mtu yeyote atakutengenezea. Shida iko pale linapozungukia."

Alilitengeneza la chuma, mgongo wake ukiwa umepindwa kufuata nundu ya gari letu lenyewe. Alilifunga kwa bawaba kubwa za geti. Tulilizungusha uani kwake, likaenda na kurudi bila mlio, majirani wakaja kuangalia. Baada ya safari chache likawa limelegea na kuinamia chini, halifungi mpaka uliinue kwa goti, na goti langu halikuwa linapanda tena. Nilirudi kwa Mzee Sefu nikiwa na maneno makali tayari mdomoni, lakini alinitangulia.

"Kosa langu," akasema. "Zile ni bawaba za geti, na geti halisafiri."

Alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Aliponiita, alikuwa ameweka juu ya meza kitovu cha gurudumu la mbele la bajaji iliyokufa, pamoja na beringi zake. Alikizungusha kwa kidole kimoja, kikaendelea kuzunguka huku tukizungumza. Alisema kitu hiki kilitengenezwa kubeba watu watatu na dereva mwenye fujo juu ya mashimo, hakitashindwa na spana za mwanamke mmoja. Nilimwambia hajaziona spana zenyewe.

Siku ya kufunga, Injinia Neema alikuja Kanyenye bila kuitwa. Alisema gari ni la ofisi, na hakuna atakayelitoboa yeye akiwa hajui. Mzee Sefu alikuwa ameshapiga alama za matundu kwa chaki na drili iko mkononi. Injinia alivua saa yake, akatandika gunia, akalala chini ya gari na tochi. Tukasikia sauti yake kutoka chini.

"Mzee wangu, naomba usubiri. Hilo tundu la mbele, chini yake kuna bomba la mafuta."

Mzee Sefu aliiweka drili chini, naye akalala chini upande wa pili kutazama. Alikuwa ameangalia kabla, lakini akiwa upande ambao kipande cha chesisi kililificha bomba. Alisema alhamdulillah mara kadhaa. Injinia akamwonyesha pa kusogeza, kisha akatuambia jambo jingine ambalo wote wawili hatukulifikiria: bati la bodi ni jembamba, na uzito wote ule ukining'inia nje ungelirarua kidogo kidogo. Tuweke sahani ya chuma chini, pana kama sinia, bolti zipite kwenye sahani hiyo na kwenye ubavu wa chesisi. Tulifanya hivyo. Matundu tuliyapaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kupitisha bolti, kwa sababu tundu lisilopakwa rangi ni mwanzo wa tundu kubwa. Kwenye kifuniko tulibandika mpira uliotolewa kwenye mlango wa friji mbovu, na tangu hapo vumbi halikuingia tena.

Kosa moja lilibaki, nalo tulilijua njiani. Mabomba yakiwa marefu, mlango wa nyuma haufungwi, kwa hiyo komeo peke yake ndilo linalolizuia sanduku. Tulipokuwa tunakata kona kabla ya kuvuka reli ya Kigwa, komeo liliachia, sanduku likatoka nje kwa nguvu na kuangusha gunia la mkaa la mama aliyekuwa anauza kando ya barabara. Tulishuka kumwomba radhi na kuokota mkaa naye. Alilitazama sanduku likiwa limesimama nje wazi, akaniambia kwamba lina haraka kuliko mimi. Mzee Sefu akaongeza pini nene yenye mnyororo, inayopita juu ya komeo. Tangu siku hiyo nikawa na desturi: kabla ya gari kuondoka, naigusa pini kwa mkono. Si kuitazama. Kuigusa.

Mvua zikaanza. Nilifanya kazi. Nilifika visimani, nikatoa pini, nikavuta komeo, sanduku likaja kifuani kwangu, kila kitu mahali pake. Masanja alipata muda wa kulala chini ya gari, akanenepa kidogo.

Katikati ya msimu tuliitwa kituo cha afya kilicho ndani ya mbuga, mbele ya Igunga. Mabomba ya kisima chao yalikuwa yameliwa na kutu, na chumba cha kujifungulia kilikuwa kinatumia maji ya mvua ya kwenye pipa. Tulipakia mabomba mapya. Machache yalilala kwenye bodi, na mengine, yaliyofungwa pamoja kwa waya mnene, tuliyaweka juu ya fremu ya kabini. Tulipokaribia kufika, kalavati ilikuwa imezolewa na maji chini ya udongo bila kuonekana juu. Magurudumu ya mbele yalizama yote mawili. Gari likainama pua chini, mkia juu.

Masanja alishuka kuchimba mbele ya gurudumu. Mimi nilikwenda nyuma kutafuta mawe. Nilisikia kamba ikikatika, halafu mlio mrefu wa chuma kikiteleza juu ya chuma. Mzigo wa mabomba ulitoka kwenye fremu, ukapita juu ya boneti, ukaangukia chini. Masanja hakupiga kelele. Aliniita tu, "Dada."

Nilimkuta amekaa kwenye matope, mzigo wote umemlalia mguu chini ya goti, umeukandamiza ndani ya udongo. Nilijaribu kuuinua. Haukutikisika. Mabomba yalikuwa bado yamefungwa pamoja, na kila mtu aliyewahi kubeba bomba moja la chuma anajua uzito wake. Matope yalikuwa laini, na mzigo ulikuwa unaendelea kuzama polepole, nao mguu chini yake.

Nilihitaji mkasi wa chuma, mtaimbo mfupi na jeki. Nilirudi nyuma ya gari. Bodi ilikuwa imeinama kama paa, imelowa, imejaa matope na saruji iliyomwagika. Hata mwenye nyonga mbili nzima asingepanda pale. Nilitoa pini, nikavuta komeo. Sanduku halikuja. Gari lilikuwa limeinama mbele, kwa hiyo uzito wote ulikuwa unalirudisha ndani. Niliingiza bega, nikasukuma kama mtu anayefungua mlango ulioshikiliwa na mtu upande wa pili. Lilitoka kidogo, likarudi. Nikasukuma tena huku namtaja Mungu na Mzee Sefu kwa pamoja. Lilipofika nje nilikaza mpini wa sepetu kati yake na bodi, lisirudi. Beringi za bajaji hazikulia hata kidogo.

Nilikata waya. Nikayatoa mabomba moja moja, nikianza na la juu, nikiyavingirisha shimoni. Ya chini kabisa yalikuwa yamezama. Nikaweka kipande cha ubao, jeki juu yake, nikainua mpaka Masanja akavuta mguu mwenyewe kwa mikono yake miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilimuuliza kama mguu umevunjika.

"Sijui," akasema. "Lakini naweza kukisia." Akapumua kwanza. "Dada, injinia akiuliza, mwambie leo sikukupandia gari."

Nilicheka huku nalia, nikamfunga mguu kwa vipande viwili vya mbao na kitenge changu. Wakulima wa mpunga waliokuwa majarubani walikuja na ng'ombe wao wa kukokota. Waliongea na Masanja kwa Kisukuma, wakagundua wanamfahamu mjomba wake, na baada ya hapo gari lilitolewa kana kwamba ni la familia. Walitupakilia mabomba. Nikashika usukani mimi.

Kwa hiyo tulifika kituo cha afya fundi mmoja na mgonjwa mmoja. Nesi mkuu, mwanamke wa makamo aliyekuwa amekunja mikono ya gauni, aliutazama mguu, akaitazama ngozi iliyochanika na udongo ulioingia humo. Akaniambia kwamba ana dawa na ana bandeji, anachokosa ni maji ya kuaminika ya kuuosha. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayenipangia kazi.

Sijawahi kutoa mabomba kisimani kwa kasi ile. Mlinzi na wanaume waliokuwa wamewasindikiza wagonjwa walivuta kamba, mimi nikifungua viungo. Yale ya zamani yalikuwa yametobolewa na kutu kama chekeche. Tukashusha mapya, nikaunganisha, nikaweka kiganja juu ya bomba, nikamwambia mlinzi apampu. Mwanzoni nilisikia hewa tu. Kisha bomba likawa baridi mkononi kabla maji hayajaonekana. Yalitoka ya kahawia, tukayaacha yamwagike mpaka yakawa safi, na nesi akachota ndoo ya kwanza akaenda kuichemsha. Jioni mguu wa Masanja ulikuwa umeoshwa. Mfupa ulikuwa umepasuka, si kuvunjika vipande viwili, na walipomwekea plasta Tabora alilalamika kitu kimoja tu, kwamba hataweza kukanyaga klachi.

Injinia Neema alikuja kumwona hospitalini. Alikaa naye muda mrefu, nami nikasubiri nje kwenye benchi, nikijua Masanja hana siri. Nilikuwa nimejiandaa. Dereva wangu ameumia, gari limezama, ofisi ina haki ya kusema imetosha. Alipotoka alisimama mbele yangu.

"Ulipanda gari siku ile?"

"Sikupanda."

"Kuna mtu alikupandia?"

"Hakuna."

Aliangalia lango la hospitali. Kisha akasema, "Stoo nimeshapata mtu mwingine," akaenda kwenye gari lake. Mvua zilikuwa bado hazijaisha.

Niliendelea na barabara mpaka siku ya kustaafu, ambayo ilikuja mwaka huu kama inavyomjia kila mtu. Masanja alipona, anachechemea kidogo wakati wa baridi, na mimi nachechemea wakati wote, hivyo tukitembea pamoja mjini watu hudhani ni mwendo wa kabila fulani. Nafasi yangu amepewa Zainabu, binti wa hapa mjini, fundi hodari, mwenye kuongea haraka na kufunga nati polepole. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mwezi uliopita nilipita karakana kuwasalimu. Zainabu alikuwa amepewa pikapu mpya, na sanduku limehamishiwa humo. Nilizunguka upande wa kushoto kulitazama, sikuliona. Alikuwa amelifunga kulia. Ndani alikuwa ameng'oa vigawanyio vyote nilivyopima kwa vidole vyangu, akaweka vya kwake, na nafasi nzuri kabisa, ile ya mbele, imekaa mita ya umeme wa pampu za jua. Spana kubwa za mabomba ziko chini kabisa. Nikamwambia habari za malori na upande wa barabara. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniambia kwamba yeye hasimamishi gari kando ya lami, anaingia mpaka kisimani, na kisimani hakuna malori. Akainua mkono aliokuwa ameshikia spana. Ulikuwa wa kushoto. Miezi yote niliyomfundisha nilikuwa nimeuona, ila sikuwahi kuufikiria.

"Mama, umekasirika?" akauliza.

Nililivuta sanduku mwenyewe, likatoka upande usio wake, likaja kusimama vizuri mbele yangu. Nikalirudisha.

"Nilipigania kuchukua spana zangu kwa mkono wangu," nikamwambia. "Wewe una mkono wako."

Akacheka, akapakia, akaelekea Goweko ambako pampu yao ilikuwa imesimama tangu juzi. Nilibaki langoni mpaka gari likapotea. Kabla halijapotea nilimwona amesimama mara moja karibu na barabara kuu, akashuka, akaenda nyuma, akaigusa pini ya sanduku kwa mkono, akarudi ndani akaondoka.